Miwani ya kusomea: ipi ikufae?

Ukikaribia miaka 40, daftari la mtoto unalisukuma mbali ndiyo usome. Si uchawi, lenzi ya ndani ya jicho inakakamaa. Wengi mnaniulizia miwani isiyo na mstari, juu ya mbali, chini ya kusomea. Ni nzuri, ila bei! Pembeni ina ukungu, na ukishuka ngazi inamisha kichwa uangalie kwa juu, usije ukaanguka. Fremu fupi usichukue, sehemu ya kusomea itakatwa. Kama mbali unaona vizuri, ya kusomea tu yatosha kushonea na kuchagua mchele. Lakini pimwa kwanza hospitali ya rufaa, Jinja au Mbale. Presha ya macho hupofusha polepole bila maumivu, na muuza miwani wa barabarani hana cha kuipimia.