Si Kila Upara ni Mapunye

Mtu mzima wa Nyanchwa akitokwa na vipele vya usaha kichwani, majirani huwa na jibu moja tu: ameambukizwa mapunye na kinyozi. Hununua krimu ya kuua kuvu, na vipele vikirudi hununua nyingine. Miezi hupita, na utosini hubaki upara unaong'aa.

Mapunye kwa kawaida ni ugonjwa wa watoto. Kwa mtu mzima, hali hii yaweza kuwa folikulitisi dekalvansi, ugonjwa nadra ulioelezwa na daktari Mfaransa, Quinquaud, mwaka wa 1888. Chembe nyeupe za damu huvamia mashina ya nywele, mara nyingi pakiwa na bakteria aina ya stafilokoka. Shina likifa, kovu huchukua nafasi yake na nywele haziwezi kuota tena. Dalili moja ni nywele kadhaa kuchomoza katika tundu moja, kama za mswaki. Ugonjwa huu hauambukizi.

Kwa hiyo, kubahatisha dawa ni kupoteza nywele. Usaha upimwe bakteria, nywele zipimwe kuvu, na kipande kidogo cha ngozi kikatwe ukingoni mwa upara, penye vipele vipya, kisha kichunguzwe kwa hadubini. Kikikatwa katikati ya kovu, hakitaonyesha mengi.

Tiba ipo, ingawa ugonjwa waweza kurudi. Wengi huanzishiwa doksisaiklini kwa miezi kadhaa. Ukiwa sugu, daktari aweza kutoa rifampisini pamoja na klindamisini kwa wiki 10. Lakini rifampisini ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu. Anayeimeza ovyo, bila kupimwa kifua kwanza, anaweza kuzalisha kifua kikuu kisichosikia dawa hiyo. Haifai kuuzwa dukani kama peremende.

Tangu 1992, kituo cha mafunzo ya ngozi kule Moshi, Tanzania, kimekuwa kikiwafunza maafisa wa tiba, sio madaktari bingwa pekee. Serikali za kaunti, ambazo zimesimamia hospitali zetu tangu 2013, zigharimie mafunzo kama hayo kwa watumishi wa Kisii na Nyamira, na vipimo vya ngozi viwe vya bei nafuu.

Nawe msomaji, vipele vikikaa zaidi ya wiki chache, nenda hospitalini. Nywele zilizokwisha kufa hazirudi, lakini zilizosalia zaweza kuokolewa.