Mgeni wa Mizinga na Mgeni wa Watoto

Kuna nyumba za wageni ambazo sheria ya Kenya inazilinda, na kuna nyumba za wageni zinazoitwa za muda. Msidhani tofauti ni jiwe na udongo. Tofauti ni nani alikuja na mizinga.

Chukueni Fort Jesus ya Mombasa. Wareno waliijenga 1593 hadi 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la mwili wa mtu, jinsi wajenzi wa Ulaya wa zama zile walivyopenda. Mwaka 1698 Waomani wakaiteka, baadaye wakajenga nyumba yao mle ndani. Waingereza nao wakaifanya jela, 1895 hadi 1958. Hakuna hata mmoja aliyepanga foleni kuomba kibali cha kukaa. Kila mgeni aliacha ukuta wake, na leo kuta zote hizo ni urithi: makumbusho tangu 1960, na UNESCO ikaiorodhesha 2011. Guseni ukuta mmoja bila ruhusa muone.

Sisemi ibomolewe, hapana. Ilindwe. Nauliza tu: na sisi je?

Kakuma ilifunguliwa 1992. Mtoto aliyezaliwa mle mwaka ule leo ni mzazi. Lakini nyumba yao ya udongo na mabati, kwenye makaratasi, bado ni "makazi ya muda". Mafuriko yakiibeba, hakuna anayeandika nani alikanyaga ule udongo, nani alifyatua yale matofali. Kwani huo muda una miaka mingapi?

Kuna watakaosema mgeni hana urithi kwenye nchi ya watu. Mimi naishi hapa Malaba, malori yakisubiri kuvuka usiku na mchana, na nawaambia: huu mpaka wenyewe ni mgeni. Kabla ya 1902, upande huu tunaouita Kenya ulikuwa Uganda. Sehemu kubwa ya Turkana ilikuwa chini ya Uganda hadi 1926. Waingereza walisogeza mstari, Waiteso wakabaki ndugu huku, ndugu kule. Ngome ya Mombasa inauzidi mstari huu umri kwa miaka mia tatu. Sasa mgeni ni nani?

Ninyi wa mashirika, kabla hamjabomoa bloku ya zamani, waiteni waliojenga. Pimeni vyumba, pigeni picha, andikeni majina yao. Nyumba moja ya miaka ile ya kwanza iachwe imesimama, ikandikwe upya kila mwaka kama nyumba nyingine yoyote inayopendwa.

Na sisi wakimbizi tusingoje mradi. Wazee bado wapo. Daftari ni bei ya chai. Cairati alichora ngome, jina lake bado linatajwa baada ya miaka mia nne. Mama aliyejenga Kakuma kwa mikono yake, jina lake liandikwe akiwa hai.