Mbolea ya nyasi za mapambo iwekewe sheria

Kuna jambo moja ambalo wakazi wengi wa ufuo wa Ziwa Victoria wamelizoea kiasi cha kutolishangaa tena. Maji yanapogeuka kijani na kutanda utando mithili ya rangi iliyomwagika, akina mama huusukuma utando huo kando kwa kata, wakateka maji yaliyo chini yake na kwenda kuyachemsha. Wanaamini, kama tulivyofunzwa sote tangu shule ya msingi, kwamba moto humaliza kila kitu.

Moto huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo, na kwa ajili hiyo usiache kuchemsha. Lakini utando ule ni jambo lingine. Ni viumbe vidogo mno viitwavyo sayanobakteria, ambavyo watu huviita mwani tu, na baadhi yavyo hutengeneza sumu iitwayo maikrosistini. Sumu hii haiondoki kwa kuchemshwa. Chembe za mwani hupasuka kwa joto na kuimwaga sumu iliyokuwa ndani, na kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi kuwa kali. Kiungo inachoshambulia zaidi ni ini.

Usidhani ninakutisha bure. Mwaka wa 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazili, zaidi ya wagonjwa 50 wa figo walifariki baada ya kusafishwa damu kwa maji yenye sumu hiyo. Agosti 2014, wakazi wapatao 400,000 wa Toledo na viunga vyake, Marekani, waliambiwa wasinywe maji ya mfereji na wala wasijaribu kuyachemsha, kwa kuwa mwani wa Ziwa Erie ulikuwa umefika kwenye mitambo ya maji. Watafiti wameikuta sumu iyo hiyo katika Ghuba ya Winam, hapa kwetu.

Sasa jiulize, mwani huo hula nini hata ukanenepa hivyo?

Jibu limejulikana kwa miaka mingi. Mwaka wa 1973 mwanasayansi David Schindler na wenzake waligawa ziwa dogo nchini Kanada kwa pazia. Upande mmoja walitia kaboni na nitrojeni. Upande wa pili walitia vitu hivyo viwili pamoja na fosforasi. Haikuchukua muda mrefu upande wa pili ukawa kijani kabisa, ilhali ule wa kwanza ulibaki jinsi ulivyokuwa. Picha iliyopigwa kutoka angani ilionyesha ziwa moja lenye rangi mbili, na tangu siku hiyo imekuwa vigumu kwa mtu yeyote kuitetea fosforasi.

Fosforasi hiyo ndiyo unayoinunua katika mfuko wa DAP. Tazama nambari zilizoandikwa juu ya mfuko, 18-46-0. Ile ya katikati ina maana kwamba katika kila kilo 50 mna kilo 23 za fosfeti. Inayotumiwa na mmea ni heri. Inayosombwa na mvua huteremka na mto Nyando, Sondu au Kibos hadi ghubani, na Ghuba ya Winam ina kina kifupi na mlango mwembamba, hivyo maji yake hayabadiliki upesi. Kinachoingia humo hukaa. Gugumaji linalokwamisha mashua za wavuvi hunufaika na karamu hiyo hiyo.

Nisieleweke vibaya. Maji taka ya mijini nayo yana fosforasi tele, na mji unaomwaga kinyesi ziwani hauna haki ya kumnyooshea mkulima kidole. Tena udongo mwingi wa magharibi mwa Kenya una upungufu wa fosforasi. Kumwambia mkulima wa mahindi wa Nyando au Vihiga aache mbolea ni kumwambia alale njaa, nami siwezi kuandika hivyo. Anachohitaji ni kupimiwa udongo kabla ya kununua, na kuzuia mmomonyoko, kwani fosforasi husafiri ikiwa imeshikamana na udongo. Unapouona mto Nyando ukiwa mwekundu kama chai ya maziwa, jua kwamba mbolea ya mtu imo ndani, na fedha zake pia. Tangu mwaka wa 2022 serikali imetumia mabilioni ya shilingi kupunguza bei ya mbolea. Je, ni mkulima yupi kati ya majirani zako aliyepimiwa udongo kabla ya kukabidhiwa mifuko yake?

Ninaowalenga leo ni wengine. Ni wenye nyasi za mapambo: nyumba kubwa za mitaani, hoteli za kando ya maji, viwanja vya gofu, afisi zenye bustani mbele ya lango. Nyasi hizo hazilishi mtu, na hata mbuzi haruhusiwi kuzigusa. Hata hivyo hunyunyiziwa mbolea ile ile, mara nyingi kwa kukisia, na nyingine huanguka juu ya simiti na kusubiri mvua iitie mtaroni. Kiasi chake ni kidogo kikilinganishwa na cha mashambani, nakubali. Lakini ndicho kiasi ambacho tunaweza kukikomesha bila mtu yeyote kukosa chakula.

Jimbo la Minnesota nchini Marekani lilifanya hivyo. Mwaka wa 2002 lilipitisha sheria ya kuzuia mbolea yenye fosforasi kwenye nyasi za bustani, na kufikia 2005 ilikuwa ikitumika jimbo zima. Anayepanda nyasi mpya anaruhusiwa, na vilevile aliyepima udongo ukaonyesha upungufu. Tena mbolea ikimwagika barabarani au kwenye njia ya miguu, ni lazima ifagiliwe mara moja. Nyasi za Minnesota hazikukauka kwa sababu hiyo.

Kanuni zetu za mwaka wa 2006 kuhusu ubora wa maji zilikataza kulima au kujenga karibu na mto, kuanzia mita 6 hadi 30 kulingana na upana wake. Tembea kando ya mto wowote ulio karibu nawe uone zinavyoheshimiwa. Kuhusu kinachonyunyizwa nje ya mita hizo, kimya. Katiba ya 2010 imekupa haki ya mazingira safi na ya maji salama, na imezikabidhi kaunti kazi ya kilimo na ya kusambaza maji. Hapana haja ya kungoja Nairobi. Bunge la kaunti linaweza kupitisha sheria fupi: hakuna fosforasi kwenye nyasi za mapambo bila cheti cha kupima udongo, hakuna kunyunyiza mvua kubwa inapotarajiwa, na muuzaji amweleze mnunuzi hivyo dukani.

Kwa sasa, wewe unayetumia maji ya ziwa, usiteke palipo na utando wa kijani hata kama ndipo karibu na nyumbani. Teka mbali na ufuo, au utumie maji ya mvua au ya kisima kilichofunikwa, kisha uchemshe. Watoto wasiogelee hapo na ng'ombe wasinyweshwe hapo. Utumbo na maini ya samaki utupe. Mtu akiwashwa ngozi, akitapika au akiharisha baada ya kuyagusa au kuyanywa, mpeleke zahanati na umweleze mhudumu maji yalikuwa na rangi gani, maana asipoambiwa atafikiria taifodi tu.

Na mwakilishi wa wadi yako atakapokuja kuomba kura, muulize nyasi za afisi ya kaunti hutiwa mbolea gani.