Kunenepa Kwa Kondoo Jike Si Dhamana ya Mapacha

Mazizini husemwa kwamba jike akinona ndipo anapozaa vizuri. Hilo lina ukweli kwa jike aliyekonda: akilishwa vyema wiki mbili au tatu kabla ya kupandwa, hupevusha mayai mengi zaidi. Aliyekwisha kunona hafaidiki hivyo. Mpapase mgongo nyuma ya mbavu kabla ya kufungua gunia la chakula.

"Mashudu ya alizeti yana mafuta, basi ale mpaka asaze." Hapana. Nyasi humeng'enywa na vijidudu wa tumbo kubwa, na mafuta yakipita takriban asilimia 6 au 7 ya chakula kikavu, vijidudu hao huzorota. Jike atakula na bado nishati impungukie.

Wapo pia wanaoshikilia kwamba mafuta yote ni sawa. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki kwa wingi, ya kundi la omega-6, na kutokana nayo mwili hutengeneza prostaglandini. Mojawapo, ikitolewa na mfuko wa uzazi, hukomesha projesteroni, homoni inayolinda mimba. Kiinitete chenyewe hulazimika kuizuia prostaglandini hiyo kwa protini yake kufikia siku ya 13 hivi ya mimba; kikichelewa, hupotea. Omega-3 za samaki huelekea kuipunguza prostaglandini hiyo, ndiyo maana wengine wanazinadi kama dawa ya utasa. Wanavuka mpaka. Vijidudu wa tumboni huyabadili mengi ya mafuta hayo kabla hayajafika kwenye damu, na utafiti wa Nottingham, Uingereza, uliochapishwa 2010, ulionyesha kwamba hata damu ikibadilika sana, ovari hulikinga yai, na athari kwa viinitete huwa ndogo.

Dai linaloniuma zaidi ni la kumjazia jike chakula mara tu baada ya kupandwa "ili mimba ishike". Shibe kubwa huongeza damu inayopita kwenye ini, nalo ini huiondoa projesteroni kwa kasi. Ikishuka mno siku hizo za mwanzo, viinitete hufa kabla mfugaji hajajua vilikuwepo. Jike hurudi kwenye joto, na lawama humwangukia dume. Usimnyime, wala usimjaze: mwezi wa kwanza mpe kinachotosha abaki na mwili aliokuwa nao. Nyongeza iwekewe wiki sita za mwisho, mwanakondoo anapokua kwa kasi tumboni.