Mganga na mchungaji, bei ndiyo tofauti

Ndugu mwandishi, kuhusu waganga uliowaandika sina ubishi nawe, ila wachungaji umewaacha hivi hivi. Hapa mtaani kwetu Kasulo, tangu kobalti igunduliwe chini ya nyumba zetu mwaka 2014, watu wamechimba hadi chini ya vyumba vya kulala. Shimo likikataa kutoa, mmoja anakwenda kwa mganga kuchanjwa chale, mwenzake anakwenda kanisani kununua kichupa cha mafuta ya upako. Kijana anayapaka kwenye kamba na sururu, kisha anashuka. Tofauti iko wapi? Bei tu, na mara nyingine mganga ndiye wa nafuu.

Someni Matendo 19. Waefeso walioamini walichoma vitabu vyao vya uganga mbele ya watu, vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha, wala hakuna aliyewapa kichupa cha kufidia. Aliyepiga kelele ni Demetrio, mfua fedha, maana biashara yake ya vihekalu iliguswa. Kelele hizo tunazijua!

Halafu Wakolosai 3:5: Paulo anaiita tamaa ibada ya sanamu. Hapo hata sisi tunaobeba magunia ya kobalti kwenda kuuza depo tumo.

Naomba jumuiya za mtaa zirudi kusoma Biblia sura kwa sura, kabla ya michango. Na mchimbaji akija kuombewa, aulizwe kwanza kama shimo lake lina nguzo na mashine ya kupuliza hewa.