Wimbo Haujaisha

Nina ugomvi na wanaokata nyimbo.

Majuzi, hapa Songea, nilialikwa harusini Lizaboni. Kijana wa mitambo akapiga wimbo wa Mlimani Park Orchestra, wana Sikinde. Waimbaji walipomaliza beti tu, akaukata. Nilipomwuliza, akanijibu: "Mzee, ujumbe si umeshafika?"

Ujumbe gani? Ni kweli bendi hiyo, iliyoanza mwaka 1978, ilijaa waimbaji hodari: Muhidin Gurumo, Cosmas Chidumule, Hassan Bitchuka. Lakini maneno ni nusu ya safari. Baada yake huja chemko: mwendo unaongezeka, magitaa yanajibizana, saksofoni na tarumbeta zinadakia. Mimi hupenda pale pembamba kabisa, sauti za watu zinaponyamaza na gitaa moja likabaki linarudia kijineno chake, kana kwamba limekataa kurudi nyumbani.

Marehemu baba alizisikiliza nyimbo hizo Radio Tanzania, kwa betri alizoanika juani mchana kutwa. Pakifika hapo huinua kidole, nasi sote kimya. Hakuwa mtu wa kutamka mapenzi. Kidole kile ndicho kilichotuambia: kaeni nami kidogo.

Basi anayekata chemko ananinyang'anya mahali ninapokutana na baba yangu. Enyi vijana wa mitambo, na ninyi watangazaji mnaozungumza juu ya magitaa: kama hamna muda wa wimbo mzima, msiuanze.