Kibofu kisisahaulike katika vita dhidi ya maradhi ya MS
SHIRIKA la Afya Duniani (WHO) lilipoziingiza dawa tatu za maradhi ya maltipo sklerosisi (MS) katika orodha yake ya dawa muhimu mnamo Julai 2023, wagonjwa walipata matumaini mapya.

Hata hivyo, dawa hizo, yaani kladribini, glatirama na rituksimabu, hupunguza tu kasi ya maradhi. Haziponyi neva ambazo tayari zimeharibika. Miongoni mwa madhara yanayosalia, ni machache yanayomfungia mgonjwa nyumbani kama matatizo ya kibofu cha mkojo, ambayo wakati fulani huwapata takriban watu wanane kati ya 10 wanaougua MS.

Maradhi hayo hutokea kinga ya mwili inaposhambulia utando unaozifunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Mawasiliano baina ya ubongo na kibofu hukatizwa. Kibofu cha mgonjwa mmoja hujikaza kabla ya kujaa, akalazimika kukimbilia msalani kila mara. Cha mwingine hakimalizi mkojo kwa kuwa misuli ya mlango wake haitaki kulegea. Wapo wenye matatizo yote mawili.

Tofauti hiyo si ndogo. Mgonjwa anayebakisha mkojo akipewa dawa za kukilegeza kibofu, hali yake huenda ikawa mbaya zaidi. Ndiyo maana yafaa mkojo unaobaki upimwe kwanza kwa ultrasaundi, kipimo kisichohitaji kisu wala sindano.

Aidha, tiba yenyewe si lazima iwe ya gharama kubwa. Mnamo 1972, daktari Mmarekani Jack Lapides na wenzake walieleza jinsi mgonjwa anavyoweza kujitia mpira wa mkojo na kuutoa mwenyewe mara kadhaa kwa siku, bora tu azingatie usafi.

Kikwazo kikubwa basi ni aibu, na wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Wengi huacha kunywa maji kabla ya safari, wasijue kuwa mkojo mzito hukiwasha kibofu. Maambukizi yanapozuka, homa huzidisha udhaifu wa miguu kwa muda, mgonjwa akadhani MS imemshambulia upya.

Lakini lawama haiwezi kutwikwa mgonjwa pekee. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya huduma za usafi za kiwango kinachofaa, nacho cha 54 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma. Haki hizo hazina maana iwapo choo cha kituo cha matatu kimefungwa kwa kufuli, au mlango wake haupitishi kiti cha magurudumu.

Dawa ghali zitahitaji bajeti na muda. Kufungua vyoo ni jukumu ambalo kaunti zinaweza kulitekeleza sasa. Nao madaktari wamuulize mgonjwa wa MS kuhusu mkojo wake, wasingoje aseme mwenyewe. Swali hilo halina bei.